Dakika Zinakopotelea: Daktari wa Dharura na Kazi ya Kurekebisha Mfumo

Mgonjwa wa ajali ya bodaboda akifika EMD, idara ya tiba ya dharura, saa nne usiku na akafariki saa sita, cheti cha kifo kitaandika kuvuja damu. Hakitaandika kwamba alilala robo saa kwenye machela huku ndugu yake akihangaikia faili, kwamba kanula za kijivu, zile pana za kupitishia maji na damu mshipani, zilikuwa kabatini na mwenye ufunguo hayupo, wala kwamba maabara walitaka namba ya malipo kwanza ndipo watoe damu. Kila kimoja kati ya hivyo kina mwenyewe, kina gharama na kina njia ya kukimaliza. Ila hakuna rejesta inayovirekodi, kwa hiyo mwaka ukiisha halmashauri inapanga bajeti kana kwamba havikutokea.

Hapo ndipo kazi ya daktari wa dharura inapoingia kwenye afya ya jamii, hata kama hajawahi kusomea. Mlangoni pake hupita kila mtu ambaye mfumo umemwangusha: mama aliyechelewa kwa kukosa usafiri, mtoto wa homa aliyezungushwa maduka matatu ya dawa, mzee wa presha ambaye vidonge vilimwishia na zahanati haikuwa navyo. Msimamo wangu ni mmoja. Daktari wa dharura anayetaka kurekebisha mfumo asianzie kwenye sera. Aanzie kwenye dakika, azihesabu mlangoni pake, kisha apande nazo ngazi hadi halmashauri na wizarani. Anayepanda bila hizo atasikilizwa kwa heshima na atarudi mikono mitupu.

Fani yenyewe bado changa kwetu. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara yake ya tiba ya dharura Januari 2010 kwa ufadhili wa Abbott Fund, na mwaka huohuo chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, MUHAS, kikaanza kufundisha ubingwa wa fani hiyo, shahada ya uzamili ya miaka mitatu. Mabingwa wa kwanza walihitimu 2013. Ukiangalia waliopitia pale walifika wapi, utaona njia hii inaelekea wapi. Teri Reynolds, daktari wa dharura wa Kimarekani aliyekuwa miongoni mwa walimu wa mwanzo, alikwenda kuongoza kazi ya huduma za dharura katika Shirika la Afya Duniani (WHO) huko Geneva. Hendry Sawe, aliyesomea ubingwa wake MUHAS, akaja kuwa rais wa shirikisho la tiba ya dharura la Afrika. Kozi ya msingi ya huduma ya dharura iliyotolewa 2018 na WHO pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilijaribiwa kwanza Tanzania, Uganda na Zambia. Mei 2019 Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio namba 72.16 linalozitaka nchi ziingize huduma ya dharura kwenye mpango wa afya kwa wote. Sababu waliyoitoa ni nzito: zaidi ya nusu ya vifo katika nchi za kipato cha chini na cha kati vinatokana na hali ambazo huduma ya dharura ingeweza kuzishughulikia.

Kisha majengo yakaja. Mkopo wa IMF wa 2021, ule wa takriban shilingi trilioni 1.3 uliopewa jina la fedha za UVIKO, ulijenga EMD katika hospitali nyingi za mikoa na wilaya. Kuta zipo, vitanda vipo. Kilichobaki ni kazi isiyokatiwa utepe, na ndiyo ninayotaka kuieleza.

Kitabu namba 5 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, kinamuuliza mgonjwa wa nje tarehe, jina, umri, ugonjwa na matibabu. Hakiulizi saa. Kwa hiyo chukua daftari la kaunta, lichore safu tano: saa aliyofika mlangoni, saa aliyopimwa na kupewa rangi ya uzito wa hali yake, saa daktari alipomgusa, saa uamuzi wa kumlaza au kumruhusu ulipotolewa, na saa aliyotoka kweli EMD. Safu ya nne na ya tano watu hupenda kuziunganisha. Usikubali. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo muda ambao mgonjwa anasubiri kitanda wodini, na mara nyingi ni mrefu kuliko mingine yote mitatu ikijumlishwa. Ukiunganisha, lawama ya wodi itaangukia EMD, na utaajiriwa daktari wa ziada ambaye hatapunguza foleni hata kidogo.

Andika wagonjwa 100 mfululizo, usichague. Lazima waingie wa usiku na wa Jumapili, maana daftari la saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri huonyesha hospitali ambayo haipo. Anayeandika awe muuguzi wa triaji, yaani anayewapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao, kwa sababu ndiye asiyeondoka mlangoni. Saa itumike moja, ya ukutani, inayoonekana kutoka mlangoni na kutoka vitandani. Simu za watu hazilingani, na dakika 5 za tofauti zinatosha kukupa mgonjwa aliyeonwa na daktari kabla hajafika. Kingine cha kuchunguza ni namba zenyewe. Ukiona saa zote zinaishia na 00, 15 au 30, ujue daftari lilijazwa mwisho wa zamu kwa kukisia. Usimgombeze mtu. Punguza safu, sogeza daftari karibu, weka kalamu yenye kamba.

Ukimaliza, usitafute wastani. Mgonjwa mmoja aliyekaa siku tatu kwa kukosa ndugu wa kumchukua atauharibu. Panga dakika kutoka ndogo hadi kubwa, chukua ya katikati, halafu mwangalie mgonjwa wa 90 kati ya 100. Yule wa katikati anakuonyesha siku ya kawaida, na wa 90 anakuonyesha siku ambayo watu hufa.

Sasa hesabu ambayo kila mganga mfawidhi angepaswa kuijua kwa kichwa. John Little aliithibitisha mwaka 1961, na inafaa benki, bandari na hospitali: idadi ya waliomo ndani ni sawa na wanaoingia kwa saa mara saa wanazokaa. EMD inayopokea wagonjwa 6 kwa saa, kila mmoja akikaa saa 5, itakuwa na watu 30 ndani muda wote. Kama vitanda ni 20, basi 10 wako sakafuni, kwenye korido au kwenye viti. Ukileta madaktari wawili zaidi na muda wa kukaa ukabaki saa 5, bado watakuwa 30. Ukiushusha muda hadi saa 3, watakuwa 18, na vitanda viwili vitabaki wazi. Ndiyo maana nasisitiza safu ya nne na ya tano. Kama saa 2 kati ya zile 5 zinapotea kwa kungoja wodi, dawa yake ni raundi ya kuruhusu wagonjwa wodini ifanyike kabla ya saa tatu asubuhi badala ya saa saba mchana, jambo lisilohitaji shilingi. Linahitaji mkuu wa idara ya magonjwa ya ndani akubali, na atakubali haraka zaidi akiziona dakika zikiwa kwenye karatasi.

Triaji nayo imeandikwa sana, nitapita haraka. WHO, Msalaba Mwekundu na Madaktari Wasio na Mipaka wana karatasi moja ya pamoja ya rangi tatu: nyekundu, njano na kijani. Asiyeitika, anayehangaika kupumua, anayetetemeka kwa degedege, anayevuja damu nyingi, mjamzito mwenye kichwa kinachouma sana au presha iliyofika 160 ya juu au 110 ya chini: nyekundu, bila mjadala. Kwa mtu mzima, mapigo zaidi ya 130, pumzi zaidi ya 30 kwa dakika au oksijeni chini ya 92 humtoa mgonjwa kwenye njano na kumfikisha kwa daktari sasa hivi. Muuguzi akizoea, ni kazi ya dakika mbili hadi tatu. Kinachoiua triaji ni kinachofuata baada ya rangi. Mgonjwa amepewa nyekundu, halafu mfumo wa kompyuta haukubali oda ya maabara mpaka afunguliwe faili, na faili halifunguki mpaka ndugu apange foleni dirishani. Rangi imebaki kuwa karatasi tu.

Njia iliyo rahisi ni hii: kila zamu ikianza, mapokezi watoe mafaili 10 ya dharura yaliyokwisha sajiliwa kwa namba, yenye jina la muda, na yakae ndani ya eneo jekundu, pale wanapotibiwa wenye rangi nyekundu. Kila faili liwe na fomu ya damu, fomu ya maabara, karatasi ya matibabu na mkanda wa mkononi wenye namba ileile. Jina halisi litaunganishwa baadaye. Malipo vivyo hivyo: uamuzi kwamba mwenye rangi nyekundu anatibiwa kwanza lazima uandikwe na kusainiwa na mganga mfawidhi, ubandikwe dirishani kwa karani, maana karani wa usiku anaogopa kukatwa mshahara na ana haki ya kuogopa. Kwa mgonjwa wa ajali ongeza PF3. Fomu hiyo ya polisi ni kwa ajili ya ushahidi, na inaweza kuletwa kesho. Bado wako wanaoirudisha familia kituoni kuifuata kabla dripu haijaning'inizwa. Wenzetu wa Kenya wana kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinachosema mtu hatanyimwa tiba ya dharura. Ni kifungu kizuri sana, lakini hata hapo lazima mtu aandike nani anafungua faili saa nane usiku.

Eneo jekundu lenyewe halitaki vifaa vya ajabu. Linataka vilevile kila siku, mahali palepale, bila kufuli. Toroli ya vifaa vya dharura ikaguliwe mwanzo wa kila zamu na mtu mmoja anayesaini, na ukaguzi uwe wa kujaribu. Kutia tiki bila kugusa kitu hakumsaidii mgonjwa. Mfano ni ambu begi, mfuko wa kumpulizia hewa mgonjwa asiyepumua. Baada ya kuoshwa hufungwa upya, na mara nyingi kile kivalvu kidogo hurudishwa kichwa chini au husahaulika kwenye ndoo. Begi itaonekana nzima. Ziba tundu la upande wa mgonjwa kwa kiganja, kisha bonyeza: ukisikia upinzani, ni nzima, ikibonyea laini, hewa inatoroka na utampulizia mtoto bure. Za watoto nyingi zina tundu la kutoa presha ikizidi, hivyo zitaachia kidogo, usizitupe kwa hilo.

Mashine ya kufyonza ijaribiwe kwa kufyonza maji kutoka kwenye glasi. Kipima sukari kiwe na betri, na vipimo vyake viangaliwe tarehe, kwa sababu kopo likifunguliwa joto na unyevunyevu huviharibu kabla ya tarehe ya kwenye lebo. Kisha sukari yenyewe. Chupa nyingi zinazofika ni za asilimia 50. Mtu mzima aliyezimia kwa sukari kushuka hupewa mililita 50. Mtoto hapewi ya asilimia 50, hupewa ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo, na saa nane usiku hakuna anayekumbuka jinsi ya kuchanganya. Bandika kwenye toroli: mililita 10 za asilimia 50 ukiongeza mililita 40 za maji ya sindano unapata mililita 50 za asilimia 10. Mtoto wa kilo 12 anahitaji mililita 60. Kikaratasi hicho hakina gharama, na watoto wenye malaria kali wanakihitaji kuliko mashine nyingi zilizofungwa nailoni stoo.

Oksijeni nitaikalia kidogo, maana ndiyo inayodanganya kuliko vyote. Mtungi mkubwa aina ya J una lita 6,800 ukiwa umejaa. Mgonjwa mmoja mwenye maski ya mfuko anayetumia lita 15 kwa dakika anaumaliza kwa saa 7 na nusu. Wagonjwa wawili wa namna hiyo ni chini ya saa 4. Hospitali yenye mitungi 6 na gari linalopeleka kujaza mara mbili kwa wiki, ikipata wagonjwa watatu wa nimonia kali Ijumaa jioni, mitungi yote 6 inaisha kwa saa 15, Jumamosi asubuhi. Hesabu hii ifanywe kabla, iandikwe ukutani, na ombi la mitungi litokane nayo badala ya mazoea ya mwaka jana.

Kwenye rufaa ndipo panapouma. Mtungi mdogo wa gari la wagonjwa, aina ya E, una lita 680 hivi. Kwa lita 10 kwa dakika unaisha baada ya dakika 68. Safari ya saa mbili inahitaji lita 1,200, na lazima uongeze nusu yake kwa ajili ya foleni, pancha na kusubiri kupokelewa, jumla 1,800. Hiyo ni mitungi mitatu. Gari linaloondoka na mmoja linapeleka mgonjwa hadi katikati ya barabara. Kabla dereva hajawasha gari, mtu asome geji, si kutikisa mtungi: geji ikiwa nusu, lita nazo ni nusu, yaani dakika 34. Spana ya kufungulia iwe imefungwa kwa mnyororo kwenye mtungi. Ikipotea, oksijeni yote iliyomo ni sawa na hakuna.

Mashine za kutengeneza oksijeni kutoka kwenye hewa ni mkombozi kwa zahanati na vituo vya afya, lakini nyingi hufa mapema kwa sababu mbili zinazojulikana: umeme unaopanda na kushuka, na chujio la vumbi lisiloguswa. Nunua stabilaiza, kifaa cha kusawazisha umeme, pamoja na mashine, kwenye oda ileile, maana oda ya pili haitapitishwa. Chujio lioshwe kila wiki kwa maji na sabuni, likauke kabisa. Mashine iwe mbali na ukuta kwa kiasi cha mkono mmoja ipate kupumua. Ikilia kengele ya usafi wa oksijeni kushuka, watumiaji wengi huizima kengele. Hapo mgonjwa anaweza kuwa anavuta hewa inayokaribia ile ya chumbani kupitia mpira. Na kifaa cha kupima kidoleni kina kasoro ambayo kila anayefanya kazi kwetu aijue: kwenye ngozi nyeusi huweza kusoma juu kuliko hali halisi, kwa hiyo 92 isikupe usingizi kama mgonjwa anapumua kwa shida. Kucha zenye piko au rangi huweza kuharibu usomaji. Hamishia kifaa kwenye kidole kisichopakwa.

Kuna funzo moja la utafiti ambalo kila anayeandika miongozo hapa kwetu aliweke mbele yake. Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri apigwe dripu ya maji mengi haraka. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye vitabu vya nchi zenye vyumba vya wagonjwa mahututi. Utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa 2011, ulichukua watoto 3,141. Waliopigwa maji haraka walikufa zaidi ndani ya saa 48: kama asilimia 10.5, dhidi ya 7.3 kwa waliopewa maji ya kawaida tu. Mwaka 2017 ukaja mwingine kutoka Lusaka kwa watu wazima wenye maambukizi makali ya damu na presha iliyoshuka, wengi wao wakiwa na VVU. Waliofuata mwongozo wa maji mengi mapema walikufa asilimia 48.1, na waliohudumiwa kwa kawaida asilimia 33. Mwongozo uleule unaookoa mahali penye mashine za kupumulia unaweza kuua mahali pasipo nazo, penye upungufu wa damu, malaria na utapiamlo. Ndiyo maana daktari wa dharura wa Tanga au wa Mbale, Uganda, hapaswi kungoja mwongozo uje kwa barua pepe. Yeye ndiye mwenye wagonjwa ambao utafiti unawahitaji. Na palipothibitishwa, asisite: traneksamiki asidi, dawa ya kupunguza kuvuja damu, kwa mwenye kuvuja damu baada ya ajali, gramu 1 kwa dakika 10, kisha gramu 1 kwa saa 8, na lazima ianze ndani ya saa 3 tangu kuumia, kwa sababu utafiti wa CRASH-2 wa wagonjwa 20,211 ulionyesha ikichelewa zaidi ya hapo inaweza kudhuru. Safu ya saa tunayoidai kwenye daftari ndiyo inayokuruhusu kuitoa dawa hiyo kwa usalama.

Daftari lilelile linapaswa kutoka nje ya hospitali. Ongeza safu moja kwa majeruhi: mahali alipoumia, kwa jina la kituo cha daladala au shule iliyo karibu, na alikuwa nani barabarani, mtembea kwa miguu, abiria wa bodaboda, dereva. Baada ya miezi mitatu utaona majina yanarudi. Dar es Salaam, shirika la Amend lilifanya kazi ya aina hii kuzunguka shule za msingi: waliuliza kaya kwa kaya watoto gani wameumia na wapi, kisha wakajenga vitu vidogo, njia za miguu, matuta, vivuko, lango la shule kuhamishwa kutoka barabara kuu. Walipolinganisha na shule ambazo hazijajengewa, majeruhi walipungua kwa takriban robo, na mwaka 2019 mradi huo ulipata tuzo ya miji ya WRI Ross Center. Tuta moja ni rahisi kuliko upasuaji mmoja wa kichwa. Lakini mhandisi wa halmashauri hawezi kujenga tuta kwa kuambiwa "ajali ni nyingi". Mpe jina la kivuko na hesabu ya watoto.

Vivyo hivyo kwa mafuta ya taa kwenye chupa za soda, sumu za mashambani, kuumwa na nyoka msimu wa kuvuna. Na kwa milipuko. Machi 2023 homa ya virusi vya Marburg ilipotangazwa Kagera, wagonjwa 9, vifo 6, wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa. Triaji ndiyo kengele ya kwanza ya wilaya nzima, na swali la homa, kutapika damu na msiba wa karibuni lazima liulizwe pale kwenye meza ya mlango, kukiwa na glavu na mahali pa kumtenga mtu hatua chache kutoka hapo. Usipoandaa mahali hapo siku za amani, siku ya tukio utamtenga kwenye korido.

Usafiri una mfano mzuri wa nyumbani. Mfumo wa m-mama, ulioanza Kanda ya Ziwa, ikiwemo Shinyanga, na kuzinduliwa kitaifa 2022, unapokea simu kwa namba 115 bila malipo, na pale ambapo gari la wagonjwa halipo unaita dereva wa jamii aliyesajiliwa na kumlipa kwa simu akishafikisha mama au kichanga. Nguvu yake ni kwamba haukungoja nchi nzima ipate magari ya wagonjwa. Ulitumia magari yaliyopo. Kwa maoni yangu, mgonjwa wa ajali na mwenye kiharusi wanastahili mlango huohuo, na anayeweza kulisema hilo kwa takwimu ni yule anayeandika saa ya tukio na saa ya kufika.

Sasa namna ya kupanda ngazi. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini mpango kabambe wa afya wa halmashauri huandikwa miezi mingi kabla. Ombi zuri linalofika Aprili limekufa, hata kama kila mtu kalipenda. Kwa hiyo dakika zako zikusanywe Julai hadi Septemba, jaribio moja dogo lifanyike Oktoba, na karatasi ifike kwa Timu ya Usimamizi wa Afya ya Halmashauri kabla Novemba haijaisha. Iwe ukurasa mmoja: tatizo kwa dakika, ulichojaribu, kilichobadilika, gharama kwa shilingi, na nani atasimamia. Vitu vidogo kama saa ya ukutani, vipimo vya sukari na stabilaiza havihitaji kungoja huko. Tangu fedha zianze kwenda moja kwa moja vituoni, kamati ya kituo inaweza kuvipitisha kutoka mapato yake.

Jaribio lichorwe. Kila wiki nukta moja, dakika ya katikati kutoka mlangoni hadi kwa daktari kwa wenye rangi nyekundu, na mstari wa katikati wa miezi ya mwanzo ukipita kati. Nukta moja iliyoshuka si ushindi; huenda mvua ilinyesha watu wakakosa kuja. Nukta 6 mfululizo chini ya mstari ndipo useme kitu kimebadilika. Zikirudi juu, tafuta kilichobadilika wiki hiyo: mara nyingi ni muuguzi aliyefundishwa amehamishiwa wodi nyingine. Basi wafundishe wanne tangu mwanzo, na mmoja wao awe wa zamu ya usiku ya kudumu.

Kikao cha kujadili vifo kifanyike kila wiki, saa ileile, nusu saa, vifo viwili tu. Swali liwe moja kwa kila kifo: dakika zilipotelea wapi? Jina la mtu lisiandikwe kwenye muhtasari. Siku muuguzi mmoja atakapoadhibiwa kwa alichosema kikaoni, daftari lako litaanza kujazwa kwa kukisia, na hutajua.

Kuhusu masomo, uzamili wa afya ya jamii unasaidia hasa kwa takwimu na uchumi wa afya, na unaweza kuusoma baada ya ubingwa. Usiutangulize. Na atakayepewa ofisi ya ubora au kiti wizarani aombe kwa maandishi abaki na zamu EMD kila mwezi, mojawapo iwe ya usiku wa mwisho wa wiki. Akipewa ofisi bila zamu, baada ya mwaka mmoja atakuwa anatumia dakika za zamani kupanga mambo mapya, na wauguzi watakuwa wanamwambia anachotaka kusikia. Zamu hizo ziingizwe kwenye ratiba ya idara kama za mtu mwingine yeyote, apangiwe kitanda na toroli ya kukagua, na asaini.